Grierson: mwana wa mwalimu aliyewaingiza wavuvi katika senema

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Msemo huo twautumia kila siku bila kuufikiria sana, lakini yuko mtu mmoja aliyetumia maisha yake yote kuuthibitisha kwa picha. Alizaliwa mbali na kwetu, katika nchi ya baridi na ukungu, na jina lake lilikuwa John Grierson. Ndiye aliyewashawishi wakubwa wa serikali na watazamaji wa mjini kwamba mvuvi anayevuta wavu, mchimba makaa aliye shimoni na karani wa posta anayechambua barua usiku wa manane wanastahili kutazamwa katika senema sawa na wafalme na wapenzi wa hadithi za kubuni.

Wasomaji wenye umri mkubwa watalikumbuka gari la senema lililokuwa likizuru vijiji na miji yetu midogo. Shuka nyeupe ilitundikwa, jenereta ikaanza kunguruma, watoto wakaketi mbele mavumbini, kisha zikaja picha za kilimo cha chai, za ng'ombe wa maziwa, za visima na usafi wa nyumba. Labda wengi walikuwa wakingojea kichekesho cha mwisho tu. Hata hivyo, wazo kwamba serikali itumie senema kuwaonyesha watu nchi yao na kazi zao lilikuwa na chimbuko lake, na sehemu kubwa ya chimbuko hilo tunaikuta katika maisha ya bwana huyu.

Grierson alizaliwa tarehe 26 Aprili, 1898, katika kijiji cha Deanston, Scotland, kilichoota kandokando ya kiwanda cha pamba. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Mama yake alikuwa mwanamke shupavu aliyepigania haki ya akina mama kupiga kura, na ambaye habari za wafanyakazi na mishahara yao zilikuwa mazungumzo ya nyumbani mwake. Kijana huyo, basi, alilelewa kati ya kitabu na kiwanda, na vyote viwili vilimwingia damuni.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto alijiunga na jeshi la majini, akafanya kazi ya simu za upepo katika meli za kufagia mabomu baharini. Huko ndiko alikoijua bahari na watu wake. Baada ya vita aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow, akasoma fasihi na falsafa, na mwaka wa 1924 akapata ufadhili wa Rockefeller uliompeleka Chicago, Marekani.

JINA LA AINA MPYA

Huko Marekani Grierson alikutana na swali lililokuwa likiwasumbua wasomi wa wakati ule. Mwandishi Walter Lippmann alikuwa ameandika kwamba mambo ya dunia yamekuwa mengi na magumu mno, hata mwananchi wa kawaida hawezi tena kuyaelewa vya kutosha ili apige kura kwa busara. Wengine walikata tamaa juu ya demokrasia. Grierson hakukata tamaa. Alijiuliza ni chombo gani kinachoweza kumfikia mwananchi huyo kwa haraka, naye akaona kwamba chombo hicho tayari kinajaza watu kila jioni: ni senema.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1926, alipokuwa akiandika katika gazeti moja la New York juu ya filamu ya Robert Flaherty iliyoonyesha maisha ya watu wa kisiwa cha Samoa, alitumia neno lililokuja kuwa jina la aina nzima ya filamu, zile ambazo sisi twaziita filamu za hali halisi. Alimheshimu sana Flaherty, lakini walitofautiana. Flaherty alipenda kwenda miisho ya dunia kutafuta maisha ya kale yanayotoweka. Grierson alitaka kamera igeuzwe iangalie mlangoni mwa mtu mwenyewe: kiwanda, bandari, reli na mtaa wa vibanda.

Aliporudi Uingereza mwaka wa 1927 alikwenda kuomba kazi kwa Stephen Tallents, katibu wa bodi iliyoundwa kutangaza biashara ya bidhaa za himaya ya Mwingereza. Tallents alimpenda, lakini fedha zilikuwa mikononi mwa wizara ya hazina, na hazina haikutaka kusikia habari za senema. Ndipo ujanja ukatumika. Bwana mmoja mkubwa wa hazina hiyo, Arthur Samuel, alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya samaki aitwaye heringi. Akaambiwa kwamba filamu inayokusudiwa itahusu uvuvi wa heringi. Fedha zikatoka.

MAJARIFE YA SHETLAND

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa filamu ya Drifters ya mwaka wa 1929. Grierson na mpiga picha wake walifuatana na meli ndogo za mvuke zilizovua katika bahari ya kaskazini, kwa nyavu za kuelea zinazofanana na majarife ya wavuvi wa mwambao wetu. Filamu yenyewe haina sauti wala haina nyota wa senema. Mwaona mabaharia wakitoka kijijini, moto ukichochewa katika tanuri, nyavu zikimwagwa baharini jioni, kisha usiku, kisha kazi ya kuzivuta huku mawimbi yakipiga sitaha. Mwishowe samaki wafika bandarini, wanadiwa, watiwa chumvi na kufungwa katika mapipa. Mlaji wa mjini aliyezoea kumwona heringi sahanini aliletewa safari yote ya samaki huyo, pamoja na jasho la aliyemvua.

Grierson aliihariri filamu hiyo akisaidiana na Margaret Taylor, ambaye walioana mwaka wa 1930. Ilionyeshwa London tarehe 10 Novemba, 1929, siku moja na filamu mashuhuri ya Kirusi juu ya maasi ya mabaharia wa Potemkin, ambayo Grierson alikuwa ameisoma kipande kwa kipande. Wengi waliokuja kwa ajili ya Warusi walitoka wakizungumza habari za wavuvi.

Mtu mwingine angeendelea kujitafutia sifa. Grierson alifanya kinyume. Baada ya hapo hakuongoza tena filamu nyingi yeye mwenyewe, bali alikusanya vijana, akawapa kamera, akawakemea, akawatetea mbele ya wakubwa, na kuwafundisha kuona. Kikosi hicho kilianza chini ya bodi ile ya biashara, na bodi ilipovunjwa mwaka wa 1933 kikahamia Idara ya Posta.

Kwa miaka michache tu walijaza ghala la picha za nchi na viwanda vyake. Flaherty mwenyewe aliitwa kupiga picha za wafinyanzi, wapuliza vioo na wafua chuma. Fedha zilipomwishia, Grierson aliikamilisha kazi hiyo ikawa Industrial Britain. Coal Face ya mwaka wa 1935 iliingia katika machimbo ya makaa. Night Mail ya mwaka wa 1936 ilisafiri na gari la moshi linalobeba barua usiku kutoka London hadi Scotland, huku mshairi W. H. Auden akitunga maneno na Benjamin Britten akitunga muziki. Tukitaja ukweli, na tuutaje wote: behewa la kuchambulia barua lilijengwa ndani ya studio, na wale makarani, ambao walikuwa makarani kweli, waliagizwa wayumbeyumbe kana kwamba treni inakwenda. Grierson hakuona haya kwa hilo. Kwake, hali halisi haikuwa kuokota tu kila kinachopita mbele ya kamera, bali kuipanga mpaka maana yake ionekane.

MKONO ULIOLIPA

Hapa ndipo penye kitendawili cha maisha yake. Grierson alikuwa mtu wa upande wa wafanyakazi, lakini kila futi ya filamu yake ililipiwa na serikali au na kampuni kubwa. Mwaka wa 1934 kijana wake Basil Wright alitoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na filamu nzuri mno iliyolipiwa na wauzaji wa chai. Mchuma chai wa Kericho au Limuru angezitambua upesi zile ndoo na vikapu na mikono ya akina mama juu ya majani. Mahujaji wanapanda mlima, tembo anaangusha mti, sauti za bei za sokoni zinasikika. Lakini mshahara wa mchumaji haukutajwa, wala swali la nani aliyeichukua ardhi ile.

Na kwetu je? Mwaka ule ule wa 1929, mwanasayansi Julian Huxley alitumwa kuzuru Afrika Mashariki, naye alichukua filamu kutoka bodi ile ile aliyokuwa akiitumikia Grierson, akazionyesha kwa wanafunzi ili kuona watazipokeaje. Walikuwako Wazungu waliodai kwamba Mwafrika hawezi kuifahamu picha inayotembea. Huxley aliona wanafunzi wakizifahamu vizuri sana. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 pakafanywa jaribio kubwa zaidi huko Vugiri, Tanganyika, ambako wengine, si Grierson, walitengeneza filamu 35 za mafunzo na kuzizungusha katika nchi zetu. Filamu za namna hiyo zilimwonyesha mkulima namna ya kulima. Hazikumwonyesha sababu ya yeye kusukumwa akalime pasipo na rutuba.

Je, Grierson aliuuza moyo wake? Waliomfahamu hawakukubaliana, na hata leo wasomi hawakubaliani. Yeye aliamini kwamba ni heri kuingia mlango wa serikali na kupitisha nusu ya ukweli, kuliko kubaki nje na ukweli mzima usioonwa na mtu. Wakati mwingine hesabu hiyo ilimlipa. Mwaka wa 1935 kampuni za gesi zililipia filamu ya Housing Problems, na dada yake, Ruby Grierson, alikuwa miongoni mwa waliowatuliza wenyeji wa mitaa ya mabanda ya London hadi wakazungumza wenyewe mbele ya kamera juu ya panya, kunguni na kuta zinazobomoka. Kampuni ilitaka kuuza gesi, lakini maskini walipata kusikika kwa midomo yao. Ruby hakuishi kuyaona mengi. Alikufa maji mwezi wa Septemba 1940, meli iliyokuwa ikiwapeleka watoto Kanada ilipozamishwa na Wajerumani.

Wakati mwingine hesabu hiyo haikumlipa. Mwaka wa 1949 alizuru Afrika Kusini kuishauri serikali juu ya mambo ya filamu, wakati ambapo chama kilichotangaza ubaguzi wa rangi kilikuwa kimekwisha kushika madaraka. Msomaji wa Kiafrika hawezi kuipita habari hiyo kimya.

KANADA NA KUANGUKA

Kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya Kanada. Alialikwa huko mwaka wa 1938, na mwaka uliofuata ikaundwa Halmashauri ya Filamu ya Taifa, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Vita vilipomalizika halmashauri hiyo ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 700. Moja ya filamu zake, Churchill's Island, ilipata tuzo ya kwanza ya Oscar iliyotolewa kwa filamu ya hali halisi. Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba kuanzia mwaka wa 1942 watu wake walibeba mashine za senema hadi vijijini, wakazionyesha filamu katika shule na kumbi za makanisa, kisha wanakijiji wakabaki kuzijadili. Gari letu la senema lilikuwa na ndugu zake huko theluji ilikolala.

Mwaka wa 1945 karani mmoja wa ubalozi wa Urusi huko Ottawa alitoroka na karatasi za siri za ujasusi. Katika karatasi hizo mlitajwa mwanamke aliyewahi kuwa katibu wa Grierson kwa muda mfupi. Hapakuwa na hatia yoyote iliyothibitishwa juu ya Grierson, lakini aliitwa akahojiwa, na shaka ni kama moshi, huingia nguoni. Mipango yake ya kufanya kazi Marekani ilivunjika. Aliokolewa na yule yule Huxley, ambaye sasa alikuwa mkuu wa UNESCO, na mwaka wa 1947 akaenda Paris kuongoza idara yake ya mawasiliano.

Baadaye alirudi kwao. Kuanzia mwaka wa 1957 aliendesha kipindi cha televisheni huko Scotland, akiwaonyesha watu filamu kutoka kila pembe ya dunia. Aliandika pia mpango wa filamu ya Seawards the Great Ships, juu ya wajenzi wa meli wa mto Clyde, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu fupi. Alifariki dunia mjini Bath tarehe 19 Februari, 1972, akiwa na umri wa miaka 73.

Miaka mitano tu baada ya kifo chake, uvuvi wa heringi katika bahari ya kaskazini ulipigwa marufuku kwa sababu samaki walikuwa wamekaribia kwisha. Meli za mvuke alizozifuata zilikuwa zimekwisha kutoweka. Viwanda vingi vya meli vya Clyde navyo vimefungwa. Filamu zilizotengenezwa kutangaza biashara zimebaki, na biashara zenyewe hazipo. Mjukuu wa mvuvi akitaka kujua babu yake alisimamaje sitahani na alivutaje wavu, atakwenda kwenye hifadhi ya filamu akamtazame.

Hiyo ndiyo amana ya Grierson. Nasi tunapozitazama picha za kale za nchi yetu, za mashamba, reli na bandari, tusiishie kwenye uzuri wa milima. Tuiangalie mikono ya wanaofanya kazi, kisha tuulize aliyelipia picha alitaka tuone nini, na alitaka tusione nini.