Fransisko wa Assisi: Mtakatifu aliyebaki shemasi hadi kufa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA parokia nyingi za mijini, kijana akishapewa daraja ya ushemasi, jamaa huanza mara moja kuulizana tarehe ya upadri. Ushemasi huonekana kama kituo cha njiani, ambapo abiria hupumzika kidogo kabla ya kuendelea na safari.

Hata hivyo, mmoja wa watakatifu wanaojulikana zaidi duniani alifika katika kituo hicho na hakwenda mbele zaidi. Huyo ni Fransisko wa Assisi, mwanzilishi wa shirika la Ndugu Wadogo, aliyefariki dunia mwaka 1226 akiwa shemasi. Hakuwahi kuadhimisha misa wala kumwondolea mtu dhambi katika kitubio.

Alizaliwa mwaka 1181 au 1182 katika mji wa Assisi, Italia. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa vitambaa. Mtoto alibatizwa kwa jina la Giovanni, lakini baba aliporejea kutoka safari ya biashara nchini Ufaransa akamwita Francesco, na jina hilo likamganda.

Kijana huyo alilelewa ili arithi duka. Alijua kuuza, na alijua zaidi kutumia. Karamu za vijana wa mjini zilikuwa zake, nyimbo za usiku zilikuwa zake, na mfuko uliolipia yote hayo ulikuwa wa baba. Ndoto yake kubwa ilikuwa kupata heshima ambayo fedha za duka zilishindwa kuinunua: kuwa askari wa farasi na kuhesabiwa miongoni mwa mabwana.

Mwaka 1202 Assisi ilipigana na mji jirani wa Perugia. Fransisko alitekwa na kufungwa karibu mwaka mzima, kisha akarejea nyumbani akiwa mgonjwa. Hata hivyo ndoto ya utukufu wa vita haikumtoka. Mwaka 1205 alijipamba kwa silaha mpya, akaanza safari ya kwenda kupigana Apulia, kusini mwa nchi. Alipofika Spoleto, umbali mfupi tu kutoka kwao, alipata ndoto iliyomtaka ajiulize ni bwana yupi hasa anayemtumikia. Akageuza farasi na kurudi, huku akijua kuwa majirani watamcheka.

Watu wengi hudhani kwamba mwenye wito huambiwa yote kwa siku moja. Maisha ya Fransisko yanaonyesha vingine. Kurudi kutoka Spoleto kulimfunulia tu njia asiyopaswa kuifuata. Ile aliyopaswa kuifuata ilikuwa bado gizani.

Mwanga wa kwanza aliupata mahali asipopapenda. Tangu utoto aliwachukia wakoma, na hata harufu ya makazi yao ilimfanya azibe pua. Siku moja alikutana na mmoja wao njiani, akashuka juu ya farasi, akampa fedha na kumbusu. Baadaye alianza kuwatembelea na kuwauguza. Alipoandika wosia wake mwishoni mwa maisha, aliyataja maisha kati ya wakoma kuwa ndiyo mwanzo wa uongofu wake. Kabla ya kuhubiri popote, Fransisko alikuwa ameshika kazi ya kuwatumikia waliotupwa, kazi ambayo ndiyo asili ya jina la shemasi, kwa maana neno hilo la Kigiriki humaanisha mtumishi.

Kisha ukaja mkasa wa San Damiano, kanisa dogo lililokuwa likibomoka nje ya mji. Akisali mbele ya msalaba, alisikia sauti ikimwagiza alitengeneze kanisa lililokuwa likianguka. Aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Akabeba vitambaa vya baba yake, akaviuza Foligno pamoja na farasi, na kumpelekea fedha padri wa mahali hapo. Padri, akiogopa hasira ya mzee Pietro, alizikataa.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Baba alimfungia mwanawe nyumbani, na mama akamfungulia wakati mumewe akiwa safarini. Mwaka 1206 shauri lilifikishwa mbele ya Askofu Guido wa Assisi. Askofu alimtaka kijana arudishe fedha zisizo zake. Fransisko alizirudisha, kisha akavua na nguo zote alizopewa na baba, akaziweka chini na kutangaza kwamba kuanzia hapo Baba yake ni yule wa mbinguni. Askofu alimfunika kwa joho lake mwenyewe.

Ni rahisi kumshangilia mwana na kumhukumu baba. Lakini Pietro alikuwa amepoteza mali, mrithi na heshima mbele ya mji mzima. Wito wa mtoto huwa na gharama kwa wazazi pia, jambo ambalo familia nyingi za Afrika Mashariki zinalifahamu vyema.

Kwa miaka miwili hivi Fransisko alibeba mawe na kukarabati makanisa. Mwaka 1208, katika kikanisa cha Porziuncola, alisikia Injili ya Yesu akiwatuma wanafunzi wake bila fedha, mkoba wala viatu. Hapo alielewa kwamba kanisa la kutengenezwa lilikuwa zaidi ya kuta. Wenzake wakaanza kumfuata, na mwaka 1209 akaenda Roma akiwa na ndugu 11. Papa Innocent III aliwakubalia kwa mdomo waishi hivyo na kuhubiri toba.

Hata baada ya kibali hicho shaka haikuisha. Fransisko alisita kati ya kujitenga kwa sala na kuzunguka akihubiri. Badala ya kuamua peke yake, aliwatuma ndugu kwa Clara, aliyeingia katika maisha hayo mwaka 1212, na kwa Silvester, padri aliyekuwa miongoni mwa ndugu. Wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, walijibu kwamba aende kuhubiri. Akaondoka mara moja.

Mwaka 1219, wakati wa vita vya msalaba, alivuka mstari wa mapigano huko Damietta, Misri, na kuzungumza na Sultani al-Malik al-Kamil. Alipokewa kwa adabu na kurudi salama. Mwaka 1220 aliacha uongozi wa shirika lake na kuwa ndugu chini ya ndugu mwingine.

Ushemasi wake ulionekana wazi zaidi katika Krismasi ya mwaka 1223, wiki chache baada ya Papa Honorius III kuidhinisha kanuni ya shirika, Novemba 29. Katika kijiji cha Greccio alitaka hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho umaskini wa Bethlehemu. Padri aliadhimisha misa juu ya hori hilo. Fransisko, akiwa amevaa vazi la shemasi, aliimba Injili na kuwahubiria wanakijiji.

Kiongozi aliyefuatwa na maelfu alisimama pembeni mwa padri wa kawaida, akafanya sehemu yake na kuishia hapo. Katika wosia wake alieleza kwamba aliwaheshimu mapadri wote, hata walio wakosefu, kwa ajili ya Ekaristi waliyoihudumia.

Alifariki jioni ya Oktoba 3, 1226, akiwa na umri wa miaka 44 hivi, karibu kipofu, akiwa amelazwa juu ya udongo mtupu kwa ombi lake. Papa Gregory IX alimtangaza mtakatifu Julai 16, 1228.

Matunda yake yalifika hadi pwani yetu. Wakapuchini, tawi la familia yake, walianza utume Dar es Salaam mwaka 1921, na mmoja wao, Edgar Maranta, alikuwa Askofu Mkuu wa jimbo hilo hadi mwaka 1968. Mwaka 2013 Kardinali Jorge Mario Bergoglio alichagua jina Fransisko alipokuwa Papa.

Mwaka 1967 Papa Paulo VI, akitekeleza uamuzi wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, alirejesha ushemasi wa kudumu katika Kanisa la Kilatini. Sheria ya Kanisa huruhusu mwanamume mwenye ndoa kuupokea akitimiza miaka 35, mradi mkewe akubali. Anayejiuliza kama ameitwa katika huduma hiyo anaweza kujifunza kwa mwana wa muuza vitambaa: aanze kwa kuwatumikia walio karibu, awasikilize wenzake, na asihesabu ngazi zilizobaki juu yake.