Edwin Armstrong: Mwanafunzi wa Kutwa Aliyeinyamazisha Radi Redioni

Mwaka huu nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyefariki zamani, lakini ambaye kila jioni tunaifaidi kazi yake tunapofungua redio kusikiliza muziki. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu huyu alinifunza maana ya methali hiyo, baada ya mimi mwenyewe kuwakosea wenzangu.

Kwanza nikiri kosa langu. Mtaani kwetu tuko vijana wanne tunaopenda mambo ya muziki nyumbani. Pesa za kununua mitambo mipya hatuna, kwa hivyo tunakusanya redio mbovu na spika kuukuu, tunazitengeneza. Mmoja wetu alinifunza kuweka spika juu ya mdomo wa chungu ili besi isikike vyema. Mwingine alinionyesha namna ya kuziba spika iliyotoboka kwa karatasi na gundi. Siku moja fundi wa redio pale sokoni akanifungulia siri moja. Ukiwa na spika mbili, na waya za moja ziwe zimegeuzwa, besi hupotea, maana moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Nilikimbia nyumbani nikazigeuza waya, muziki ukanguruma hadi mabati yakatetemeka. Wenzangu walipouliza nimefanyaje, niliwaambia ati nimenunua spika mpya. Nilitaka niwe bingwa peke yangu.

Muda mfupi baadaye mwalimu wetu wa fizikia akaniazima kitabu juu ya Edwin Howard Armstrong. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya.

Armstrong alizaliwa tarehe 18 Desemba 1890 jijini New York, Marekani. Utotoni aliugua ugonjwa uliomwacha na mtikisiko wa shingo na bega maisha yake yote, na kwa muda alisomea nyumbani. Baadaye jamaa yake ilihamia mji wa Yonkers, kando ya mto Hudson. Chumba chake kilikuwa juu kabisa chini ya paa, nacho kilijaa waya na koili. Alipokuwa na umri kama wangu, alikuwa tayari ameamua kwamba atakuwa mvumbuzi.

Lakini hakujifunza peke yake. Pale Yonkers palikuwa na kikundi cha vijana waliokuwa wagonjwa wa redio kama yeye, mmoja wao akiitwa Randolph Runyon. Walitumiana ishara usiku na kujaribu kila kifaa kipya walichokipata. Palikuwa pia na mhandisi mmoja, Charles Underhill, ambaye alimkaribisha kijana huyu kila alipokuwa na swali lililomshinda. Mwaka wa 1910 Armstrong alijenga mlingoti wa antena wenye urefu wa mita 38 hivi nyumbani kwao.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa mwanafunzi wa kutwa kama sisi, ila yeye alikwenda kwa pikipiki. Mwaka wa 1912, angali mwanafunzi, alivumbua jambo kubwa. Siku hizo baadhi ya redio zilitumia valvu, yaani taa ya kioo iliyotangulia transista, na sauti yake ilikuwa hafifu mno. Armstrong aliuchukua umeme uliotoka katika valvu akaurudisha mlangoni upite tena na tena. Ishara za mbali zikasikika waziwazi! Usiku huo aliruka kwa furaha na kumwamsha dada yake. Alipomwomba babake pesa za kusajili uvumbuzi huo, mzee alikataa mpaka amalize masomo. Januari 1913 akaupeleka mchoro wake utiwe muhuri.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumwa Ufaransa kama mwanajeshi, na huko mwaka wa 1918 akabuni mtambo wa superheterodaini. Mtambo huo huligeuza wimbi lolote linaloingia liwe la kiwango kimoja ambacho redio inaweza kulishughulikia kwa urahisi. Hadi leo redio nyingi zinautumia mpango huo.

Mwaka wa 1921 yeye na wenzake wa Radio Club of America, akiwemo George Burghard, walijenga kituo huko Greenwich, Connecticut. Desemba mwaka huo, Paul Godley, mpenzi mwenzao wa redio, alikaa ndani ya hema huko Ardrossan, Uskoti, akawasikia kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mtambo aliotumia ulikuwa wa superheterodaini. Hao hawakuwa kampuni wala serikali, walikuwa watu waliopenda kitu kimoja.

Shida iliyowakera wasikilizaji wote ilikuwa kelele za radi. Redio za AM hubeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, na radi nayo huivuruga nguvu hiyo hiyo. Armstrong akaiacha nguvu ikae vile ilivyo, akabadilisha idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Hiyo ndiyo FM. Alipata hataza zake Desemba 1933. Juni 1934 alirusha mawimbi kutoka juu ya jengo la Empire State, na aliyeyapokea zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, nyumbani kwake, alikuwa yule yule Burghard! Novemba 1935 aliwaonyesha wahandisi jijini New York, na kituo kilichorusha kilikuwa nyumbani kwa Runyon, rafiki wa utotoni. Walisikia maji yakimiminwa katika glasi na karatasi ikikunjwakunjwa, kana kwamba vitu hivyo vimo chumbani mle mle.

Lakini maisha hayakuwa asali tupu. Kuhusu uvumbuzi wake wa 1912, Lee de Forest alidai ni wake, kesi ikaendelea miaka mingi, na mwaka wa 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest ushindi. Armstrong alikwenda kwenye mkutano wa wahandisi kuirudisha medali waliyokuwa wamempa. Wenzake walikataa kuipokea, wakasimama na kumpigia makofi.

Kisha mwaka wa 1945 serikali ya Marekani ikahamisha masafa ya FM, redio ambazo watu walikuwa wamenunua zikawa hazina kazi. Mwaka wa 1948 akaishtaki kampuni ya RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila kumlipa. Miaka ilipita akiwa miongoni mwa mawakili badala ya wenzake wa karakana. Fedha zilimwishia, akakosana na mkewe Marion. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1954 alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 63. Marion aliendelea na kesi, na mwaka wa 1967 ya mwisho ikamalizika kwa ushindi. Masikini, mwenyewe hakuuona.

Sisemi kwamba mtu asidai haki yake, la hasha. Haki yake ilikuwa yake. Lakini nilipofunga kitabu niliona kwamba siku zake za furaha zote zilikuwa na mwenzake ndani yake: Yonkers, Greenwich, nyumbani kwa Burghard, nyumbani kwa Runyon. Je, mimi na siri yangu ya waya mbili nilikuwa naelekea wapi?

Jumamosi iliyofuata niliwaita wale watatu nikawaambia ukweli. Mmoja alinikasirikia, akakaa siku mbili bila kunisemesha. Siku ya tatu alikuja na spika zake chini ya kwapa. Tulizigeuza waya pamoja, kisha akanifunza jinsi ya kuondoa mvumo uliokuwa umenishinda katika amplifaya yangu mwezi mzima. Kumbe alikuwa akiujua wakati wote, ila sikuwa nimemuuliza.