Maisha ya Arkidiakoni Owen na Vita vya Panya

Baada ya hesabu za fedha na habari za misiba iliyosaidiwa na chama mwaka huu, tumeona vema kuweka mbele ya wanachama na wazee wetu maisha ya mtu aliyekufa zamani, naye ni Arkidiakoni Walter Edwin Owen. Huenda wengine wakauliza kwa nini tumemchagua Mprotestanti, ilhali hapa Ekero na Mumias wengi wetu ni Waislamu na Wakatoliki. Sababu ni kwamba asili ya vyama vya ustawi katika nchi hii haiwezi kusimuliwa bila kumtaja, na tena wajukuu wetu wanaishi kuliko walivyoishi watoto wa babu zetu, nasi twapenda kujua sababu yake.

Owen alikuwa mmisionari wa CMS. Alifika Uganda mwaka 1904, wakati malale yalipokuwa yakifyeka watu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Yakadiriwa kwamba waliokufa walizidi 200,000. Dawa ya kuaminika haikuwapo. Kilichowaokoa wengi waliosalia ni kuhamishwa kutoka pwani za ziwa penye mbung'o. Mwaka 1918 alifanywa Arkidiakoni wa Kavirondo, jina ambalo Serikali ya kikoloni iliipa nchi yetu, Waluhya na Wajaluo pamoja. Mwaka huohuo homa kubwa ya mafua, iliyozunguka dunia nzima, iliingia hata huku, na dhidi yake pia hapakuwa na dawa.

Kisha yakaja mambo ya siasa. Mwaka 1920 nchi ilifanywa koloni, vipande vikavaliwa shingoni, na kodi ikapandishwa hata kufikia shilingi 16. Mwezi wa Desemba 1921 vijana waliosoma misheni walikutana Lundha, katika Gem, wakaunda Young Kavirondo Association chini ya Jonathan Okwiri. Serikali ilitishika. Mwaka 1923 Owen alikubali kuwa rais wa chama hicho, nacho kikageuzwa jina kikawa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, yaani chama cha ustawi wa walipa kodi.

Hapa ndipo penye ubishi ambao wazee wengine wangali nao. Mwanachama wa Owen alitakiwa kuahidi kuua panya, kuchimba choo, kutochafua chemchemi na kupanda miti. Watu walicheka. Walikuwa wamedai ardhi na kupunguziwa kodi, nao wakapewa panya! Wengi wamesema, na Jaramogi Oginga Odinga ni mmoja wao, kwamba Owen aliipoza moto siasa ya watu kwa kuigeuza kuwa barua za heshima na mafundisho ya usafi. Sisi twakiri kwamba neno hilo lina kweli ndani yake.

Hata hivyo kazi ya panya haikuwa mchezo. Tauni iliingia Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi likateketezwa kwa amri ya daktari. Na tangu 1898 ilikuwa imekwisha kugunduliwa kwamba ugonjwa huo huletwa na viroboto vya panya. Vivyo hivyo choo na chemchemi. Penisilini haikuwafikia raia wa kawaida popote duniani kabla ya miaka ya 1940, wala Owen hakuwa tabibu. Alichoweza kuwapa watu ni kile kilichokwisha kupunguza mauti huko Uingereza: maji safi, taka kuondolewa, chakula na nyumba bora. Hata kifua kikuu kilipungua sana huko kabla ya streptomaisini kupatikana mwaka 1943. Tusiseme basi kwamba watu walianza kupona siku sindano zilipofika.

Wala Owen hakudhani kwamba usafi peke yake watosha, kwa maana mwenye njaa hazuiliwi kufa na choo. Aliandika katika magazeti ya Uingereza, hasa Manchester Guardian, juu ya wanawake na watoto waliolazimishwa kazi za barabara, na juu ya kodi iliyowazidi maskini. Mwaka 1931 dhahabu ilipoonekana Kakamega, na sheria ya ardhi za Waafrika ikabadilishwa Desemba 1932 ili machimbo yapate nafasi, alipinga kwa nguvu. Masetla walimchukia hata wakakigeuza cheo chake kuwa jina la shetani. Lakini watu wa kaskazini hawakuridhika na barua zake. Walikuwa na chama chao wenyewe, North Kavirondo Central Association.

Owen alifariki mwaka 1945, wakati chama chake nacho kimekwisha kufifia. Hakuona matunda. Yakadiriwa kwamba mwaka 1948, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 184 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2022 ulipata 32. Katika safari hiyo chanjo, zilizoenezwa kwa mpango wa taifa tangu 1980, zina sehemu kubwa, pamoja na shule za akina mama na dawa za malaria. Ukimwi nao uliturudisha nyuma miaka ya 1990, tukazika vijana kuliko wazee.

Lakini chemchemi haijapitwa na wakati. Katika miaka ya 2000 wataalamu walizipima chemchemi za magharibi ya Kenya zilizojengewa saruji na bomba, wakaona kwamba ugonjwa wa kuhara kwa watoto ulipungua kwa robo hivi. Kazi hiyo yahitaji fundi, mifuko ya saruji na jirani walio tayari kulinda ng'ombe wasiingie. Orodha ya chemchemi zetu ambazo bado hazijajengewa imo katika ukurasa ufuatao, pamoja na michango iliyokwisha kutolewa.