Oliver Evans: Fundi aliyeifanya nafaka itembee yenyewe kiwandani

UKIPELEKA mahindi yako kisiagi cha mtaa, utampata jamaa aliyejaa unga hadi kwenye kope. Yeye ndiye huinua debe, humwaga mahindi kwenye mashine, hukinga unga chini, na ukisema haujalainika huurudisha juu usagwe tena. Mashine inasaga, ndiyo, lakini safari yote ya nafaka iko kwa mgongo wake.

Sasa twende jimbo la Iowa, Marekani, kwenye kiwanda cha etanoli, ile pombe kali inayotengenezwa kwa mahindi na kuchanganywa na petroli. Lori linamwaga mahindi kwenye shimo. Kuanzia hapo hakuna mtu anayeyagusa. Yanapanda ghalani, yanasagwa, yanapikwa, yanachachushwa na kukenekwa, huku watu wachache wameketi chumbani wakitazama skrini.

Wengi wetu tungesema huo ni ujanja wa kompyuta. Lakini wazo la nafaka kuingia upande huu na kutokea upande ule bila kusimama lina umri wa zaidi ya miaka 200, na lilitoka kwa fundi wa mikokoteni aliyezaliwa kabla Marekani haijawa nchi. Jina lake Oliver Evans.

Evans alizaliwa Septemba 13, 1755 mjini Newport, Delaware, wakati huo likiwa koloni la Uingereza. Nyumbani hawakuwa matajiri. Baba yake alikuwa mkulima, na Oliver alipobalehe alipelekwa kwa fundi wa magurudumu na mikokoteni ili ajifunze kazi.

Kijana alipenda vitabu, hasa vya hesabu na mitambo. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake wa kazi, ambaye hakujua kusoma, alimkataza kuwasha mshumaa usiku kwa kuogopa gharama. Oliver akawa anaokota maranda ya mbao karakanani, anayawasha motoni na kusoma kwa mwanga huo.

Alipofika miaka ya ishirini na kitu, alibuni mashine ya kutengeneza meno ya waya ya vitana vya kuchania sufu, kazi ambayo watu walikuwa wakiifanya jino baada ya jino. Mashine ilifanya kazi vizuri, lakini yeye hakufaidika sana. Wengine waliichukua na kupata pesa. Kidonda hicho hakikupona, na tutakiona tena mbele.

Miaka ya 1780, Evans na ndugu zake walijenga kinu cha unga kando ya mto Red Clay Creek, Delaware. Ili uelewe alichokifanya, lazima kwanza uone kinu cha zamani kilivyokuwa.

Gurudumu la maji lilizungusha mawe ya kusagia, basi. Kazi nyingine zote zilikuwa za binadamu. Mtu alibeba gunia ngazi hadi ngazi mpaka orofa ya juu. Unga ulitoka kwenye mawe ukiwa moto na unyevunyevu, ukazolewa na kupandishwa tena juu, ukamwagwa sakafuni upoe. Hapo kulikuwa na mvulana mwenye reki, kazi yake kuutandaza unga na kuusukuma kwenye hopa ya chekecheo. Walimwita kijana wa hopa.

Unga ulikanyagwa kwa viatu, ukachanganyika na uchafu, mwingine ukamwagika, mwingine ukaota ukungu kwa sababu haukupoa vizuri. Evans alipotazama hakuona mawe mabovu. Mawe yalikuwa sawa. Hasara ilikuwa katikati ya hatua moja na nyingine, pale nafaka inaposimama ikimngoja mtu.

Basi akaziunganisha hatua zote. Alifunga vindoo kwenye mkanda mrefu vikawa vinapandisha nafaka hadi juu. Akaweka parafujo ndefu ndani ya mfereji, ikizunguka inasukuma nafaka mbele kwa mlalo. Kulikuwa na mkanda wa kuteremsha na kifaa kingine cha kuburuta. Na juu kabisa akaweka reki kubwa inayozunguka yenyewe, inayotandaza unga, inaupoza na kuusogeza polepole hadi kwenye chekecheo. Vyote viliendeshwa na gurudumu lilelile la maji.

Ile reki aliipa jina gani? Kijana wa hopa. Mashine ikachukua kazi ya mtoto, ikachukua na jina lake.

Kinu hicho kilikuwa kikifanya kazi kufikia katikati ya miaka ya 1780. Kuna kisa kinachopendwa sana kuhusu wasagaji wa bonde la Brandywine, waliokuwa na vinu maarufu karibu na hapo. Walikuja kuangalia, wakakuta kinu kinasaga na hakuna mtu ndani. Evans alikuwa shambani akishughulika na nyasi. Wangeshangaa, sivyo? Wapi! Walirudi kwao wakisema ni makorokoro ya kupiga kelele tu.

Familia ya Ellicott, wasagaji wakubwa wa Maryland, haikucheka. Ilifunga mitambo hiyo ikaona idadi ya vibarua inashuka na unga safi unaongezeka. Polepole hata wale wa Brandywine wakafuata.

Mnamo Desemba 18, 1790, Evans alipata hataza ya Marekani, yaani haki ya uvumbuzi kulindwa na sheria. Ilikuwa ya tatu kutolewa na serikali hiyo changa. Rais George Washington mwenyewe alifunga mitambo ya Evans kwenye kinu chake cha Mount Vernon, Virginia, mwaka 1791.

Hapo ndipo nafaka na pombe zinapokutana. Mwaka 1797, msimamizi wa shamba la Washington, Mskoti aliyeitwa James Anderson, alimshawishi bosi wake aanze kutengeneza wiski. Kiwanda kikajengwa kando ya kinu. Mchanganyiko mkuu ulikuwa nafaka ya rai, lakini zaidi ya thuluthi moja ilikuwa mahindi, na shayiri ya kimea kidogo. Mwaka 1799 kilitoa karibu galoni 11,000, kama lita 40,000 hivi, na kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya pombe nchini humo.

Tusipambe hadithi lakini. Waliochota maji, waliokoroga na waliokesha na moto hapo Mount Vernon walikuwa watumwa. Mitambo ya Evans ilipunguza mikono kinuni, haikumkomboa mtu.

Mwaka 1795 Evans alitoa kitabu cha mafundi wa vinu, kikachapishwa tena na tena kwa zaidi ya nusu karne. Kisha akahamia mvuke. Huko Philadelphia aliunda injini ya mvuke wenye shinikizo kubwa, ndogo na yenye nguvu kuliko zile nzito za mtindo wa James Watt. Mwaka 1805 aliunda mtambo wa kuchimba matope bandarini, akauwekea magurudumu, na kwa maelezo yake mwenyewe ukapita barabarani kwa nguvu ya mvuke kabla ya kuingia mtoni. Mwaka huohuo alieleza jinsi mashine ya kutengeneza baridi ingeweza kufanya kazi, miaka mingi kabla ya friji.

Sasa rudi kwenye kile kidonda cha vitana vya sufu. Safari hii Evans aliapa hatanyang'anywa. Hataza yake ilipoisha, alilisumbua Bunge hadi likampa nyongeza mwaka 1808. Kisha akaanza kuwadai wasagaji ada, tena kubwa kuliko zamani, na waliokataa akawapeleka kortini.

Wasagaji walikasirika. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Vindoo kwenye mnyororo vilichota maji kwa karne nyingi. Parafujo inahusishwa na Archimedes wa zama za Wagiriki. Sasa Evans amevumbua nini? Thomas Jefferson, aliyekuwa ameshaondoka urais na ambaye alilipa ada hiyo kwa ajili ya kinu chake, aliandika barua mwaka 1813 akiunga mkono hoja hiyo.

Jibu la Evans lilikuwa gumu kulieleza mahakamani: alichovumbua ni mwendo mzima, vipande ni vya kila mtu. Watu huona kipande kwa urahisi. Kiungo hawakioni, kwa sababu kiungo kikifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea. Unga unapita tu.

Mwaka 1809, baada ya kesi kumwendea vibaya, aliwakusanya jamaa zake akachoma moto makaratasi ya uvumbuzi wake. Hebu pata picha: baba wa miaka 50 na kitu, mbele ya watoto wake, anateketeza kazi ya maisha.

Mwaka 1818 Mahakama ya Juu ilimwelewa hatimaye. Ilisema hataza yake inalinda mfumo mzima pamoja na mashine moja moja. Hakufurahia muda mrefu. Aprili 1819 akiwa New York alipata habari kwamba karakana yake ya Philadelphia, Mars Works, imeteketea. Aliaga dunia Aprili 15, akiwa na miaka 63. Miaka mitatu baadaye mahakama ileile ikawapa ushindi wapinzani wake kuhusu kifaa kimoja: kijana wa hopa.

Leo ukiingia kiwanda cha etanoli utamkuta Evans kila kona. Mkanda wa vindoo ndio unaopandisha mahindi, na parafujo ndiyo inayoyasukuma. Kilichoongezeka ni macho. Vipimo vya joto, asidi na ujazo hutuma taarifa kwa kompyuta kila wakati, nayo hufungua na kufunga vali bila kungoja mtu.

Mahindi yaliyosagwa huchanganywa na maji moto na vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Uji hupozwa hadi nyuzi 32 hivi, hamira ikaingia. Joto likizidi, hamira huchoka na sukari hubaki bila kugeuka pombe, na hiyo ni pesa inayomwagwa. Uchachushaji huchukua siku mbili hadi tatu, kwa hivyo matangi kadhaa hupokezana zamu ili hatua inayofuata isikae njaa.

Kisha ni kukeneka, kanuni ileile ya chang'aa: chemsha, kusanya mvuke, poza. Tofauti ni kwamba hapa mnara haupumziki, na joto linalotoka hatua moja hutumika kwenye nyingine. Masalia huwa chakula cha mifugo.

Matokeo yake yanahesabika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, gunia la kilo 90 la mahindi lingetoa yapata lita 33 za etanoli. Sasa kiwanda kizuri hupata lita 38 hivi. Sehemu ya ongezeko hilo ni mbegu, vimeng'enya na hamira bora. Nyingine imetoka palepale Evans alipotazama, katikati ya hatua moja na nyingine.

Kuhusu yule mvulana wa reki, historia haikuweka jina lake. Hatujui alipata kazi gani baada ya mashine kuja. Evans alipigania jina lake mwenyewe hadi kaburini, na mtoto yule akaachiwa kifaa tu cha kumkumbuka.