Daktari wa Tenwek aliyekuja akakaa

Ukipanda matatu mjini Kericho ukashika barabara ya Litein na Kapkatet hadi Bomet, utaona chai mpaka macho yachoke. Wachumaji wako mashambani na vikapu mgongoni, na mahali fulani kando ya barabara lori la kiwanda linasubiri majani. Ukifika Bomet, endelea mpaka Silibwet halafu uulizie Tenwek. Hata mtoto atakuelekeza. Huko, karibu na mto Nyangores, kuna hospitali yenye vitanda zaidi ya 300, na watu hufanyiwa hapo hata upasuaji wa moyo.

Pengine ndugu yako alizaliwa hapo, au nyanya yako alilazwa hapo. Lakini jina la Ernest Steury umewahi kulisikia? Huyo ndiye nataka tumzungumzie leo, kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo vijana wengi wa kanisani hulikwepa: kumjali mtu ni kufanya nini hasa?

Steury alizaliwa mwaka wa 1930 katika familia ya wakulima karibu na Berne, mji mdogo katika jimbo la Indiana, Marekani. Alisoma katika Chuo cha Asbury kule Kentucky, kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Indiana. Kwa masomo hayo, angefungua kliniki kwao, ajenge nyumba nzuri na awe mzee wa kanisa anayeheshimika. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwaka wa 1959, hata miaka 30 hajafikisha, yeye na mkewe Sue walifika Tenwek chini ya shirika la World Gospel Mission. Kenya ilikuwa bado koloni. Uhuru ulikuwa mbele kwa miaka minne.

Hapa uelewe jambo moja. Usije ukadhani kwamba kabla ya huyu Mzungu hapakuwa na mtu wa kumjali mgonjwa. Huduma ya matibabu Tenwek ilianza miaka ya 1930, na kwa miaka mingi ilibebwa na wauguzi bila daktari hata mmoja. Na mgonjwa hakujileta. Kuna jamaa waliombeba, kuna majirani walioacha shughuli zao wakasindikiza, kuna mama aliyebaki na watoto wa mwenzake. Steury aliikuta safari hiyo njiani, akajiunga nayo.

Kwa karibu miaka kumi alikuwa daktari peke yake. Hebu fikiria hali hiyo. Mama ameshindwa kujifungua, mtoto anaungua kwa homa, mtu ameanguka na kuvunjika, na wote wanamtazama mtu mmoja. Hakuna wa kumpigia simu amuulize. Hakuna wa kumpokeza zamu. Umeme wenyewe ulitoka kwenye jenereta ya dizeli, na dizeli ni pesa, kwa hiyo haikuwaka mchana na usiku.

Ungetarajia daktari wa namna hiyo awapitie wagonjwa mbiombio, kama anayehesabu magunia. Lakini watu walimkumbuka kwa mambo mengine. La kwanza, alijifunza Kikipsigis. Mgonjwa akiwa na maumivu anataka kueleweka kwa lugha ya mama yake, na daktari aliona hiyo ni kazi yake, si ya mgonjwa. La pili, alikuwa akiomba pamoja na mgonjwa kabla ya kumpasua. Aliamini kwamba mikono yake ina kikomo. Hadi leo watu wa Tenwek husema kwamba wao hutibu tu, na anayeponya ni Yesu.

Unaweza kusema, sawa bana, huyo alikuwa mtakatifu, mimi ni mtu wa kawaida. Lakini angalia alichofanya baadaye, kwa sababu hapo ndipo kuna funzo ambalo wengi hatulipati. Kumjali kila mtu peke yako, siku zote, ni mtego. Unachoka, unaanza kukasirikia wale wale uliokuja kuwasaidia, na siku ukiondoka kila kitu kinaanguka. Mzigo wa Tenwek haukubaki mabegani mwa mtu mmoja. Madaktari wengine walikuja. Mwaka wa 1983 ulianzishwa mpango wa afya ya jamii, watu wakawafuata wananchi vijijini kwa mambo ya maji safi, vyoo na chanjo, kwa sababu ukimtibu mtoto tumbo halafu umrudishe kwenye maji yale yale machafu, wiki ijayo atarudi. Mwaka wa 1987 maporomoko ya Nyangores yakaanza kutoa umeme wa hospitali. Chuo cha wauguzi nacho kikaanzishwa, na leo vijana wa Kenya ndio wanaovaa sare hizo na kukesha na wagonjwa wodini.

Steury alifariki mwaka wa 2002. Hospitali haikufungwa. Ilizidi kukua.

Sasa turudi kwako. Unajua kisa cha Msamaria mwema tangu Sunday school. Yule mtu hakusimama barabarani akatoa hotuba kuhusu ujambazi. Alisimama, akafunga vidonda, akalipa gharama za pale nyumbani mwa wageni, na akaahidi kurudi. Hilo la kurudi ndilo hutushinda. Sisi tunatuma emoji ya mikono ya maombi kwenye grupu, tunachanga shilingi 200, halafu tunasahau jina la mgonjwa kabla ya Ijumaa.

Kama umehamia Nairobi kutoka Kericho au Bomet, labda unaishi kwenye ploti ambayo hujui jina la jirani yako wa mlango wa pili. Kama uko nyumbani, labda una rafiki ambaye mama yake alikuwa akichuma chai mpaka mashine ikachukua kazi yake, na karo sasa imekuwa kitendawili. Huhitaji digrii ya udaktari. Jifunze lugha yake kwanza, yaani kaa chini umsikilize mpaka uelewe shida yake kama anavyoieleza yeye. Omba naye, ukiwa pale pale. Kisha uliza ni nini kinachorudisha shida hiyo kila mwezi, na ni nani mwingine anaweza kushika upande wa pili wa mzigo. Wiki ijayo, rudi.

Mama mboga wa kona yako hajafungua kibanda siku tatu. Umeliona hilo, nakujua. Leo jioni ukishuka kwenye matatu, usipite tu. Uliza anakoishi.