Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui na Kuishukuru Neema

Ndugu zetu Waislamu wa Kibuyuni, Shimoni, Wasini na pwani yote ya kusini, wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mtu aliyekinai ni yule aliyeketi kitako akingoja ajaaliwalo, na kwamba shukrani ni neno la ulimini tu, alhamdulillahi, kisha basi. Dhana hii imetudhuru mno. Mvuvi huona dema lake limetoboka akasema ndiyo riziki yangu. Mzazi huona mwanawe anazurura ufuoni saa za masomo akasema Mungu ndiye mlinzi. Huo ni uvivu uliovishwa kanzu. Anayetaka kuijua kanaa yenyewe na aitazame sira ya marehemu Sheikh al-Amin bin Ali bin Abdallah al-Mazrui, ambaye jina lake linajulikana na wakubwa kwa wadogo, walakini maisha yake ni wachache wayajuao.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliokwisha kupokonywa enzi. Mazrui waliitawala Mombasa karibu miaka 100, hata mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan akawaondoa, wakuu wao wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas. Katika waliosalia, wengine walikwenda Takaungu na wengine wakaja huku kwetu Gazi. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa sana habari za Gazi. Mbaruk bin Rashid aliinuka mara kwa mara kupigania kilichokuwa cha wazee wake, na mara ya mwisho ni katika vita vya 1895 na 1896, alipopigana na Waingereza. Akashindwa, akavuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na huko Dar es Salaam akafa mwaka 1910. Mimi si katika wanaomlaumu. Alimpinga mgeni aliyeingia nyumbani mwake, na ushujaa wake haukanushiki. Nimemtaja kwa kuwa vita hivyo vilipokuwa vikipiganwa, Sheikh al-Amin alikuwa mtoto wa miaka 4 au 5, na mtoto wa ukoo kama huo ni mwepesi kukua na uchungu wa kilichopotea mpaka asione kilichobaki.

Tena alikuwa yatima. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, aliyepata kufungwa na Sayyid Barghash kwa ajili ya mafundisho yake, asifunguliwe ila baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Naye alifariki mwanawe akiwa bado mdogo sana.

Basi hesabu, ewe msomaji, alichobakishiwa mtoto huyu. Enzi hakuna, baba hakuna. Kilichokuwapo ni jamaa yake mwenye elimu, Sheikh Suleiman bin Ali al-Mazrui, aliyemlea na kumsomesha, na vitabu, na njia ya bahari ya kwenda Unguja. Vitu hivi vitatu alivishika kama ashikavyo nahodha usukani. Unguja alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, mabwana wawili ambao wote walifariki mwaka mmoja, 1925, wala pwani haijapata tena wawili kama hao kwa pamoja. Kisha akasoma yaliyoandikwa Misri na Sheikh Muhammad Abduh na mwanafunzi wake Rashid Rida katika gazeti la al-Manar, akayapima kwa akili yake mwenyewe.

Mwaka 1930 akaanza kutoa Sahifa, karatasi ndogo mno hata kuitwa gazeti. Aliiandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, ili aisome hata yule ambaye masomo yake yote yalikuwa ni chuo cha Qur'ani. Mwaka 1932 akatoa al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Hayakudumu sana, walakini baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu cha Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Humo alikemea israfu za harusi na matanga, na uigaji wa Wazungu kwa yasiyo na faida, na Waislamu kuuza ardhi zao huku wakiacha kuwasomesha watoto. Wako wazee waliomchukia kwa hayo, wakaona anabomoa ada.

Mimi naona makala hizo zote zina mzizi mmoja. Mwenye kuuza shamba la minazi ili alishe watu siku tatu hakukinai, kwa sababu anaogopa maneno ya jirani kuliko anavyoithamini neema aliyo nayo. Ardhi ni neema, na shukrani yake ni kulimwa na kurithiwa. Akili ya mtoto ni neema, na shukrani yake ni kusomeshwa. Hapa kwetu Kibuyuni wanawake hushuka bamvua likiwadia, wakafunga mwani kambani maji yakiwa magotini, wakauanika, wakauza. Hiyo ni shukrani iliyo dhahiri. Kisha jasho lao hilo huishia katika sare za harusi ya siku moja, na likipungua hukopwa kwa simu. Anayetaka kujua Sheikh al-Amin angalisema nini juu ya hayo, na asome Uwongozi.

Mwaka huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tazama ajabu ya Mola. Katika mji uliotawaliwa na ukoo wake kwa mizinga, yeye aliketi chini ya serikali ya Kiingereza akiamua zaidi mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Wako ambao wangaliona kazi hiyo ni udhalili. Yeye aliikamata mpaka kufa kwake, na wanafunzi wakaendelea kumjia, miongoni mwao Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye baadaye naye alikuwa Kadhi Mkuu.

Ama ile enzi ya wazee wake, hakuisahau wala hakukaa akiililia. Aliichukulia kalamu, akaandika kwa Kiarabu tarikh ya Mazrui wa Mombasa. Alifariki mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 56, kitabu hakijachapwa, na mwanawe Ali, aliyekuja kuwa mwanachuoni mashuhuri ulimwenguni, alikuwa na miaka 14. Kilikaa karibu nusu karne, hata mwaka 1995 kikatolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo hakuna anayeandika juu ya Mombasa ya zamani asiyekirejea.