Hermann Ebbinghaus, mtu aliyepima kusahau

Hapa Kamina, mji wa reli, swali hili linajulikana: treni zikisimama miezi mingi, fundi akirudi kazini anabaki na ufundi kiasi gani? Mtu aliyeanza kupima kusahau kwa hesabu ni Hermann Ebbinghaus.

Alizaliwa tarehe 24 Januari 1850 huko Barmen, Ujerumani, mtoto wa mfanyabiashara. Mwaka 1870 vita na Ufaransa ilikata masomo yake. Akaenda jeshini, akarudi, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1873 kwenye iniversite ya Bonn.

Hakuwa na watu wa kupima, basi akajipima mwenyewe. Alitunga silabi zaidi ya 2,000 zisizo na maana, akazikariri akiangalia saa, akaziacha, kisha akahesabu muda wa kuzikariri tena. Matokeo aliyatoa katika kitabu mwaka 1885. Kisha saa 1 tu, zaidi ya nusu ya ile kazi ilikuwa imepotea. Kisha siku 1, karibu sehemu 2 kwa 3. Lakini kisha mwezi mzima, sehemu 1 kwa 5 hivi ilikuwa ingali kichwani. Kusahau kunakimbia mwanzoni, halafu kunapunguza mwendo.

Alifundisha Berlin, Breslau na Halle, na huko Halle akafa kwa nimonia tarehe 26 Februari 1909.

Yeye alipima silabi, na kazi ya mikono iliyozoeleka haitoki haraka hivyo. Mwaka 1936 Mmarekani T. P. Wright alionyesha upande wa kujifunza: idadi ya ndege zilizotengenezwa ikiongezeka mara 2, kazi ya kila ndege inapungua kwa asilimia 20 hivi. Leo wataalamu wa viwanda wanaunganisha yote mawili: kazi inapandisha ufundi, mapumziko yanaushusha.

Katanga yetu iliona jambo hilo pia. Union Minière ilikuwa inaajiri watu kwa muda mfupi. Wakirudi kijijini wanaondoka na ujuzi, na wapya wanaanzia chini. Toka 1928 ikaleta mikataba ya miaka 3.

Basi fundi anayerudi kazini si mpya, lakini si yule wa zamani pia. Mkubwa anayemdai mwendo wa zamani siku ya kwanza anaita ajali. Anayemfukuza achukue mgeni anatupa ujuzi uliobaki. Siku chache za kurudilia kazi polepole zinatosha kuokoa mengi.